Pengo kwenye tao la nyuma la atlasi (pingili ya kwanza ya shingo): ni mvunjiko, au ndivyo mgonjwa alivyozaliwa?

Daktari wa Zamu (mleta mada)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni daktari wa kawaida, si bingwa, katika idara ya dharura ya hospitali mojawapo hapa Dar es Salaam. Mwishoni mwa juma lililopita tuliletewa kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye mchanga uliomwagika barabarani, akaangukia ubavu, kofia ngumu ikiwa bado kichwani. Fahamu zake zilikuwa timamu, mikono na miguu ilikuwa na nguvu sawasawa na hakuwa na ganzi popote, ila alilalamikia maumivu ya shingo sehemu ya juu, karibu kabisa na kisogo, na nilipombonyeza hapo katikati alishtuka. Tulimvisha kola ya kushikilia shingo na kumpeleka eksirei.

Kwenye picha ya ubavuni pingili zilikuwa zimepangana vizuri, isipokuwa jambo moja. Ule mstari mweupe wa nyuma ya mfereji wa ugwe mgongo, ambao tulifundishwa kuufuata kwa kidole kutoka pingili moja hadi nyingine, ulikuwapo kuanzia pingili ya pili kwenda chini, lakini kwenye pingili ya kwanza haukuonekana kabisa. Tukaomba picha ya CT, na kweli tao la nyuma la atlasi lilikuwa limeachana katikati kwa nafasi ya milimita chache. Mwenzangu wa zamu alisema moja kwa moja kwamba huo ni mvunjiko wa Jefferson na mgonjwa apewe rufaa usiku uleule. Mimi nilisita, kwa sababu kingo za lile pengo zilikuwa laini na za mviringo, na sikuona uvimbe wowote kwenye nyama za jirani. Hata hivyo, kusita si ushahidi, kwa hiyo tulimwacha na kola yake hadi asubuhi.

Ninaomba mnisaidie kuelewa namna ya kutofautisha pengo la kuzaliwa na mvunjiko kwa mtu mzima. Pengo likishathibitika kuwa la kuzaliwa, je, linabadilisha chochote katika matibabu, au ni jambo la kuandika kwenye faili na kulisahau? Ningependa pia kujua ni maumbile gani mengine yasiyo ya kawaida kwenye pingili hizi mbili za juu ambayo daktari wa dharura hapaswi kuyakosa. Kaka wa mgonjwa aliniuliza, mgonjwa mwenyewe akisikia, kama mdogo wake "ana ulemavu wa shingo", na sikuwa na jibu la kumtuliza.

Bingwa wa Mionzi

Marahaba, Daktari, na pole na zamu. Kusita kwako kulikuwa na msingi. Tahadhari moja tu kabla sijaeleza: hakuna anayeweza kuisoma picha ambayo hajaiona, kwa hiyo yachukue maelezo haya kama njia ya kuitazama upya picha yako pamoja na bingwa aliye karibu nawe, si kama ripoti.

Atlasi ni pete. Ina tao fupi la mbele, tao refu la nyuma, na vipande viwili vinene vya pembeni vinavyobeba fuvu, ambavyo nitaviita nguzo za pembeni. Pete ngumu ikibanwa kwa nguvu kutoka juu ni nadra kukatika mahali pamoja tu, na ndiyo maana mvunjiko ulioelezwa na daktari mpasuaji wa Uingereza, Geoffrey Jefferson, mwaka 1920, kwa kawaida huwa na mikato miwili au zaidi, mbele na nyuma, na nguzo za pembeni husukumwa nje. Tena tao la nyuma huvunjika zaidi pale lilipo jembamba, yaani kwenye mfuo unaopitisha ateri ya vetebra (mshipa wa damu unaopanda shingoni kwenda kwenye ubongo), nyuma tu ya nguzo ya pembeni. Pengo lililo peke yake katikati kabisa ya tao la nyuma liko mahali ambapo mvunjiko hutokea kwa nadra, na ambapo maumbile ndiyo huacha nafasi mara nyingi zaidi.

Sasa zitazame kingo. Mfupa uliovunjika juzi una kingo kali zenye menomeno, uso wa mkato hauna lile tabaka jeupe gumu la nje, na mara nyingi unaweza kuvirudisha vipande pamoja kwa jicho ukaona vinalingana. Pengo la kuzaliwa lina ncha mbili zilizokamilika, kila moja ikiwa imezungukwa na tabaka lake gumu bila kukatika. Pengine ncha moja ni nene kuliko mwenzake au imejipinda kidogo kuelekea ndani, na hata ukizisogeza pamoja haziwi kitu kimoja. Ule mstari wako uliopotea kwenye eksirei ya ubavuni unaelezeka hapohapo: mstari huo hutengenezwa pale nusu mbili za tao la nyuma zinapokutana katikati, na zisipokutana hakuna cha kuonekana.

Kwenye picha ya mdomo wazi, yaani eksirei inayopigwa kutoka mbele mgonjwa akiwa amefungua mdomo, nguzo za pembeni zinaweza kuzidi ukingo wa aksisi (pingili ya pili) kwa milimita moja au mbili hata kwa mtu ambaye hakuumia, hasa kama tao la mbele nalo halikuungana. Lakini ukijumlisha pande zote mbili ukapata karibu milimita 7 au zaidi, acha habari za maumbile na ufikirie kwamba ligamenti (kamba ngumu ya kuunganisha mifupa) inayolishikilia jino la aksisi, yaani kile kinundu cha mfupa kinachosimama juu yake nyuma ya tao la mbele la atlasi, imekatika. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya Spence na wenzake ya mwaka 1970, na ingawa siku hizi MRI ndiyo inayotegemewa kuiona ligamenti yenyewe, bado kinafaa pale ambapo eksirei ndiyo picha pekee uliyo nayo. Pima vilevile umbali kati ya tao la mbele na jino la aksisi, ambao kwa mtu mzima haupaswi kuzidi milimita 3, na kwa mtoto milimita 5.

Mapengo ya tao la nyuma yamepangwa na Currarino na wenzake, mwaka 1994, katika aina tano, kuanzia A hadi E. Aina ya A ni pengo la katikati tu, kama la kijana wako, na ndiyo inayopatikana kwa watu walio wengi miongoni mwa wenye kasoro hii. Aina ya B ni upungufu wa upande mmoja, na aina ya E ni kukosekana kwa tao lote la nyuma. Aina za C na D ndizo ninazozihofia, kwa sababu kipande cha katikati kinabaki peke yake kikiwa hakijashikwa na mfupa upande wowote, na mtu anapoinua uso kutazama juu kinaweza kusukumwa ndani ya mfereji kikaugusa ugwe mgongo. Wagonjwa wa namna hiyo hueleza kwamba wakiinua uso wanahisi kitu mithili ya shoti ya umeme ikishuka mikononi na miguuni, na wapo waliopata udhaifu wa muda baada ya kuanguka kidogo tu. Kwa hiyo usiridhike na kuona pengo. Sema ni la aina gani.

Kuna jambo ambalo halipaswi kupotea katika furaha ya kugundua kwamba si mvunjiko. Pengo la kuzaliwa halimkingi mtu na jeraha. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki na ana maumivu anapobonyezwa katikati ya shingo hawezi kuvuliwa kola kwa sababu tu umepata maelezo ya pengo moja; ni lazima pingili zote saba zipitiwe, pamoja na viungo vya fuvu na atlasi, na kama maumivu ya katikati yanaendelea baada ya CT safi, MRI inayoonyesha maji ndani ya mfupa au ligamenti iliyochanika ndiyo itakayoamua.

Kuhusu maumbile mengine yanayofanana na mvunjiko, la kwanza kwangu ni osi odontoideumu. Hiki ni kipande cha mfupa cha mviringo kinachokaa mahali pa jino la aksisi bila kuungana na mwili wa aksisi. Kilielezwa na Giacomini tangu mwaka 1886 na hadi leo wataalamu wanabishana kama ni cha kuzaliwa au ni jeraha la utotoni ambalo halikuunga. Daktari wa dharura hukiona akadhani jino limevunjika kwenye shina lake. Tofauti yake ni kwamba kipande ni kidogo kuliko jino la kawaida, kina tabaka gumu pande zote, nafasi iliyo chini yake ni pana, na tao la mbele la atlasi limenenepa kwa kubeba kazi isiyo yake. Lakini hapa, tofauti na pengo la kijana wako, kusema "si mvunjiko mpya" hakutoshi hata kidogo, kwa kuwa shingo hiyo inaweza kuwa legelege kabisa, na mgonjwa anahitaji kuonwa na mpasuaji hata kama hana dalili.

Kwa watoto mambo ni mengi zaidi, na mwalimu wetu wa anatomia atayaeleza kuliko mimi. Niseme tu kwamba pingili ya pili ya mtoto mdogo huonekana imeteleza mbele ya ile ya tatu bila kuwa na jeraha lolote, na mstari wa Swischuk, unaochorwa kati ya matao ya nyuma ya pingili ya kwanza na ya tatu, ndio unaotuokoa tusimlaze mtoto mzima kwa wiki kadhaa.

Mwalimu wa Anatomia

Nashukuru kwa kunikaribisha. Ninayoyafundisha darasani kuhusu atlasi yanaanzia kwenye gegedu, kwa sababu pete hii haizaliwi ikiwa pete. Mtoto anapozaliwa, mfupa huwa umeanza pande mbili, kila upande ukiwa na nguzo yake ya pembeni na nusu ya tao la nyuma, na katikati kuna gegedu. Nusu hizo mbili za nyuma kwa kawaida huungana mtoto akiwa na umri wa miaka 3 hadi 5. Tao la mbele huanza kuwa mfupa karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, na kuungana kwake na nguzo za pembeni hukamilika kati ya miaka 5 na 8 hivi. Ukiyajua hayo, unaelewa kwamba pengo la katikati kwa mtoto wa miaka miwili si kasoro hata kidogo, na kwamba kwa mtu mzima ni kazi iliyosimama kabla ya kumalizika. Makadirio yanayonukuliwa sana ni kwamba pengo la tao la nyuma hupatikana kwa watu 4 hivi katika kila 100, ilhali la tao la mbele hupatikana kwa mtu 1 hivi katika kila 1,000. Mwenye la mbele mara nyingi ana la nyuma pia, kwa hiyo ukiona moja tafuta jingine.

Jino la aksisi nalo lina hadithi yake. Kwa asili ni sehemu ya mwili wa atlasi iliyohamia kwenye pingili ya pili, na mstari wa gegedu unaolitenganisha na mwili wa aksisi hufunga kati ya miaka 5 na 7, ingawa alama yake yaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye. Ncha yake ya juu kabisa ina kituo chake cha mfupa, ambacho huungana karibu na umri wa miaka 12. Kisipoungana, hubaki kijiwe kidogo juu ya jino, nacho kwa kawaida hakina madhara. Ni muhimu kisichanganywe na osi odontoideumu aliyoieleza Bingwa, kwa sababu kijiwe hicho kiko juu ya ligamenti inayolishikilia jino, na kile kingine mkato wake uko chini zaidi, ambako uimara wote wa kiungo unategemea.

Mkiwa na nafasi ya kuingia kwenye chumba cha mifupa, chukueni atlasi kadhaa kutoka kwenye sanduku mzipange mezani. Juu ya tao la nyuma, nyuma ya nguzo ya pembeni, kidole kitaangukia kwenye mfuo wa ateri ya vetebra. Kwenye baadhi ya mifupa mtaona kimwiba kinachoinuka kutoka kwenye nguzo kikielekea nyuma, na kwenye mingine kimwiba hicho kimefika ng'ambo kikawa daraja kamili, mfuo ukawa tundu linalopitisha uzi. Wazungu wanaliita ponticulus posticus. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinakadiria kuwa hupatikana kwa karibu mtu mmoja kati ya sita, kwa upande mmoja au pande zote mbili. Wapo wanaolihusisha na kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Mimi ninashauri uangalifu hapo, maana kitu kilichoenea kiasi hicho hakikosi kukutwa kwa mtu anayeumwa kichwa, na kukutwa pamoja si kusababishana.

Nitataja moja lingine ambalo halipaswi kupita kimya, nalo ni atlasi iliyoungana na fuvu, ama yote ama kipande. Ni nadra, chini ya asilimia moja ya watu. Uzito wake huongezeka pale pingili ya pili na ya tatu nazo zinapokuwa zimeungana, kwa sababu viungo vilivyo juu na chini vimekufa, na mzigo wote wa kukunja na kukunjua shingo unabebwa na kiungo kimoja kilicho katikati, cha atlasi na aksisi, ambacho taratibu hulegea. Kuungana kwa pingili za shingo kulielezwa na Klippel na Feil mwaka 1912, na mwanafunzi hukaririshwa alama tatu: shingo fupi, nywele zinazoshuka chini kisogoni na shingo isiyogeuka vizuri. Chini ya nusu ya wagonjwa wana zote tatu, kwa hiyo msisubiri zikamilike. Mkimpata mgonjwa wa namna hiyo, pimeni na figo zake pamoja na usikivu wake.

Daktari wa Zamu (mleta mada)

Shikamoo tena Mwalimu, na ahsante Bingwa. Tumeirudia picha ya CT tukiwa na bingwa wetu wa mionzi. Pengo ni la aina ya A, ncha zake zina tabaka gumu pande zote, tao la mbele ni zima, na umbali kati yake na jino la aksisi ni milimita 2. Pingili nyingine zote hazina mvunjiko. Ila sasa, baada ya kusoma maelezo ya Mwalimu, tumegundua kwamba upande wa kushoto kuna lile daraja, tena kamili. Kijana mwenyewe maumivu ya katikati yamekwisha na yamebaki ya misuli ya pembeni. Anageuza shingo pande zote bila ganzi wala udhaifu, na kola tumeivua. Je, hilo daraja lina maana yoyote kwake?

Mpasuaji wa Uti wa Mgongo, Upanga

Kwake yeye leo, halina maana. Kwa mtu wa kazi yangu, siku ikitokea kijana huyo analazwa kifudifudi kwenye meza ya upasuaji, vitu hivyo viwili ulivyovikuta vinabadilisha mpango mzima.

Tuseme ameanguka tena, miaka kumi ijayo, na safari hii jino la aksisi limevunjika kweli na linahitaji kufungwa. Njia tunayoitumia zaidi siku hizi ni ile iliyoanzishwa na Goel wa India mwaka 1994 na kuendelezwa na Harms na Melcher wa Ujerumani mwaka 2001, ambapo skrubu huingizwa kwenye nguzo za pembeni za atlasi na nyingine kwenye aksisi, kisha zinaunganishwa kwa vyuma. Kuifikia nguzo ya atlasi kutoka nyuma ni kazi ya subira, kwa sababu kati ya pingili hizo mbili kuna vishipa vingi vya vena vinavyovuja damu kwa kuguswa tu, pamoja na mzizi wa mshipa wa fahamu wa pili. Ili kuvikwepa, wapasuaji wengi hupendelea kupitisha skrubu ndani ya tao la nyuma lenyewe, mradi unene wake kwenye ule mfuo ufike milimita 4 hivi, kwa kuwa skrubu inayotumika ina kipenyo cha milimita 3.5. Sasa tao lenye daraja, likitazamwa kutoka nyuma, huonekana pana na nene. Mpasuaji asiye na habari hufurahi, anadhani amepata mfupa wa kutosha, anaweka ncha ya kitoboleo juu kidogo, na chini ya ile milimita moja ya daraja iko ateri ya vetebra.

Ateri hizo ziko mbili na mara nyingi hazilingani, ya kushoto ikiwa ndiyo kubwa zaidi kwa watu wengi. Kuijeruhi ile ndogo kunaweza kupita kwa kutokwa damu nyingi na hofu tu. Kuijeruhi ile kubwa, wakati mwenzake haitoshi kulisha ubongo wa nyuma, ni kiharusi mezani. Kwa hiyo kabla ya kufunga shingo ya juu mimi ninataka CT ya mishipa ya damu, si CT ya mfupa peke yake, na swali la kwanza ninalojiuliza ni ateri inapita wapi. Kwa baadhi ya watu haipiti juu ya tao la atlasi kabisa, bali huingia kwenye mfereji kwa kupita chini yake, kati ya pingili ya kwanza na ya pili, yaani palepale tunapochimbua. Ni wachache, lakini huongezeka miongoni mwa wale waliozaliwa na kasoro nyingine za eneo hilo, nao ndio hasa wanaoletwa kwetu kufanyiwa upasuaji.

Kwenye aksisi kuna mtego unaofanana na huo. Ateri inapopanda ndani ya aksisi hupinda kwenda nje, na kwa karibu mtu mmoja kati ya watano pindo hilo huwa juu na ndani kiasi kwamba mfupa unaobaki kwa ajili ya skrubu haufiki milimita 5. Skrubu ndefu ya Magerl, inayovuka kutoka aksisi hadi atlasi, haifai kwa mtu huyo upande huo. Bahati nzuri Wright alituonyesha mwaka 2004 kwamba skrubu zinaweza kulazwa ndani ya mabamba ya nyuma ya aksisi, mbali na ateri, na mara kadhaa hiyo ndiyo njia iliyobaki.

Pengo lake nalo lina la kusema. Mbinu za zamani za kufunga kwa waya, ile ya Gallie ya mwaka 1939 na zile zilizofuata, zinazungusha waya kwenye tao la nyuma la atlasi, na tao lililoachana katikati haliwezi kushika waya huo. Isitoshe, tunapofungua nyama za shingo tunatumia kisu cha umeme tukitegemea kwamba chini yake kuna mfupa. Kwenye pengo hakuna mfupa. Kuna utando, na chini ya utando ni ugwe mgongo. Aliyeona neno "pengo" kwenye ripoti ataweka kisu cha umeme pembeni akifika hapo na kuendelea taratibu kwa vifaa butu.

Ndiyo maana sipendi ripoti inayosema tu kwamba "pingili ya kwanza ina umbo lisilo la kawaida". Liandikwe jina, aina, na upande.

Niwakumbushe pia wenzetu wa usingizi. Watoto wenye hali ya Down, ambao karibu nusu yao huzaliwa na matatizo ya moyo na wengi huhitaji kutolewa mafindofindo, huwa na ligamenti legelege kwenye kiungo cha atlasi na aksisi. Picha huonyesha ulegevu huo kwa asilimia 10 hadi 20 yao, ingawa wenye dalili ni asilimia 1 au 2 tu, na baadhi yao wana osi odontoideumu pia. Eksirei isiyo na kasoro haimpi mtu ruhusa ya kuikunja shingo ya mtoto huyo anavyotaka wakati wa kumwingizia mpira wa kupumulia. Mzazi aulizwe kwanza kama mtoto amebadilika mwendo, anaanguka mara kwa mara, au ameanza tena kujikojolea baada ya kuwa ameacha.

Fiziotherapia Temeke

Wakubwa zangu, naomba kuongezea jambo dogo linalotoka mitaani kwetu. Wanaume wengi hapa mjini wakimaliza kunyolewa hufanyiwa masaji ya kichwa, na mwishoni kinyozi humshika mteja kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akaizungusha shingo ghafla hadi ialike, upande huu na upande ule. Wateja hupenda ule mlio. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika kwenye kiungo kimoja tu cha atlasi na aksisi, na ateri ya vetebra imefungwa kwenye pingili zote mbili, kwa hiyo mzunguko wa ghafla huivuta hapo hasa. Ukuta wa ateri unaweza kuchanika kwa ndani hata kwa mtu mwenye maumbile ya kawaida, na wagonjwa wa namna hiyo huja na maumivu mapya ya shingo na kisogo, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au kushindwa kumeza. Kwa mwenye osi odontoideumu, ambaye pengine hajui kuwa anayo, hatari ni ya ugwe mgongo wenyewe. Mimi humuuliza kila mgonjwa wa shingo kama hualishwa shingo saluni, na kwa wale wenye kasoro iliyothibitishwa ninawakataza bila kubembeleza.

Mgonjwa wa pengo la aina ya A asiye na dalili simnyimi mazoezi wala kazi. Nimewaona walioambiwa "mfupa wako wa shingo una ufa" wakakaa na kola kwa miezi, misuli ikadhoofu, na maumivu yakazidi kuliko siku ya ajali.

Daktari wa Zamu (mleta mada)

Ahsanteni sana. Swali langu la mwisho ni la Mpasuaji: taarifa hii iandikwe wapi? Faili litabaki kwetu, na kijana huyu akianguka tena huenda akapelekwa hospitali nyingine kabisa. Na yule kaka yake nimwambieje?

Mpasuaji wa Uti wa Mgongo, Upanga

Kaka mtu mwambie kwamba mdogo wake alizaliwa hivyo, kwamba kuna watu wengi wanaotembea hapa mjini wakiwa na pengo kama hilo bila kulijua, na kwamba anaweza kurudi kwenye pikipiki yake maumivu ya misuli yakiisha, kofia ikiwa kichwani. Saluni anyolewe tu, shingo isiguswe.

Karatasi apewe mgonjwa mwenyewe, pamoja na nakala ya picha kwenye CD, na aipige picha karatasi hiyo kwa simu ili asiipoteze. Ningeiandika hivi: "Atlasi: pengo la kuzaliwa katikati ya tao la nyuma, aina ya A ya Currarino, daraja kamili la mfupa juu ya ateri ya vetebra upande wa kushoto. Tao la mbele zima, umbali kutoka jino la aksisi milimita 2. Hakuna mvunjiko katika picha ya sasa. Akipata ajali nyingine, picha mpya zilinganishwe na hizi. Upasuaji wowote wa shingo ya juu utanguliwe na CT ya mishipa ya damu." Weka tarehe, sahihi na muhuri.